Sifa za Mteja Msumbufu

Mnazi umesifiwa, mama kasifiwa, hata kahawa ina washairi wake. Mteja msumbufu hajapata ubeti hata mmoja. Leo namlipa deni hilo, ingawa yeye langu hajalimaliza.

Nachora Tingatinga, Dar es Salaam. Kazi hii tuliachiwa na Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kung'aa, akichora juu ya vipande vya hadibodi vya kama sentimita 60 kwa 60, akafariki 1972. Sisi warithi tumehamia kwenye kitambaa, na tumejaliwa mteja mpole: mtalii. Anataka twiga wawili, Kilimanjaro nyuma yao. Anauliza bei, anakunja, anaondoka. Mungu ambariki, ndiye aliyenidumaza. Nilifika mahali pa kuchora twiga huku nikibishana habari za Simba na Yanga.

Ndipo akashuka bwana mmoja na picha ya pasipoti ya marehemu mama yake. Amtaka mama kituo cha daladala, giza linaingia, mvua inanyesha. Mnyama asiwemo. Advansi yake ilitosha tina na nauli.

Tazameni fadhila zake. Macho! Aliona khanga imefungwa upande usio wake. Bidii! Saa kumi na moja alfajiri simu imeshalia: "Fundi, mama hakuwa mnene hivyo." Kumbukumbu! Hakusahau neno alilosema, ila kwamba jana yake alisema kinyume. Lakini taji lake ni mvua. Nikachora vistari vyeupe. Akasema hizo tambi. Nikaweka vidoti, silaha yetu ya jadi; akauliza mama kaugua tetekuwanga lini.

Usiku ule, kwa hasira, nilizidisha tina kwenye rangi ya kijivu, na kazi badala ya kuilaza nikaisimamisha ukutani. Ikachuruzika. Kuchuruzika ndilo kosa ninalowagombezea vijana wa kijiweni miaka nenda rudi. Ikateremka juu ya paa la kituo, juu ya khanga, ikiacha njia nyembamba ambamo rangi ya chini, iliyokwisha kukauka, ilichungulia. Masika yenyewe, ile mvua inayolowanisha mpaka noti mfukoni. Nilikaa kwenye ndoo nikaitazama mpaka adhana. Twiga sijawahi kumkesha.

Wakubwa pia yamewakuta. Michelangelo alilalamika kwamba yeye ni mchongaji, si mchoraji. Papa Julius wa Pili hakumsikiliza, na tangu 1508 hadi 1512 mzee akawa juu ya jukwaa, shingo imepinda, akipaka dari la Kikanisa cha Sistina. Upole wa Papa ungetunyima dari lile.

Bwana wangu alipokuja alinyamaza kitambo. Akasema mkoba wa mama ulikuwa mweusi. Nikaupaka mweusi, akaichukua, salio mwisho wa mwezi. Jana kapiga tena: mkewe anauliza kama pale pembeni hawezi kuongezwa twiga mmoja.