Sifa za Choo cha Waridi

Choo chetu ni cha waridi. Sisemi ukuta wala pazia. Nasema choo chenyewe, kile cha kukalia, pamoja na lavabo ya kunawia iliyo ubavuni mwake, hodhi la kuogea, na kile chombo kifupi mithili ya choo kilichosahauliwa kuwekewa mgongo, ambacho Wafaransa hukiita bide. Bide hiyo watoto wa nyumba hii wameitumia kuoshea miguu tangu zamani. Marehemu bibi yao aliwahi kulowekea humo maharage, mpaka mgeni mmoja Mwislamu aliyetoka Mombasa alipomweleza, kwa heshima zote na kwa sauti ya chini, kazi yake halisi. Siku ile tulikula ndizi.

Ni waridi ya namna gani? Si ya ua, kwa maana ua lina haya. Hii ni rangi ya ufizi wa mtoto mchanga anayelia. Waliosoma kwa masista huiita roze, watoto wangu waliofundishwa Kiingereza na simu wanasema pinki, na mama mkwe wangu husema tu "ile rangi". Kila anayefika huku Bunia, Kongo, kututembelea huingia bafuni, hutoka kimya, hunywa chai kidogo, halafu hutoa shauri lile lile: vunjeni. Nimelisikia miaka mingi bila kujibu. Leo nasimama upande wa mshtakiwa, kwa kuwa choo hakina wakili.

Kwanza mjue ni cha ukoo. Zamani vyombo vya bafu vilikuwa vyeupe, kwani weupe ulihesabiwa ndio usafi wenyewe. Mwaka 1927 kampuni ya Kohler ya Marekani ikaanza kuuza seti nzima za rangi moja: kijani, buluu, zambarau, kahawia. Waridi ilitawazwa miaka ya 1950. Mamie Eisenhower, ambaye mumewe aliapishwa kuwa rais Januari 1953, alivaa gauni la waridi katika sherehe zile, akaipenda rangi hiyo hadi vyumbani Ikulu, na wauza rangi wakaiita waridi ya mke wa rais. Ulaya nayo ikaanza kupenda mabafu ya rangi. (Waingereza miaka ya 1970 waliangukia kijani cha parachichi, tunda lisiloota kwao. Sisi avoka hutuangukia juu ya mabati usiku, na hakuna aliyewahi kuwaza kukalia rangi yake.)

Miaka hiyo hiyo ya 1950 Wabelgiji waliotutawala walikuwa katikati ya Mpango wao wa Miaka Kumi, wakijenga barabara, hospitali na nyumba kama watu wasio na safari. Nyumba yetu ni ya wakati huo. Aliyeijenga alisafirisha choo cha waridi kuvuka bahari, akakivusha nusu ya bara, akakipandisha mpaka huku kwetu, zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, akakifunga sakafuni kwa skrubu za shaba. Tarehe 30 Juni 1960 nchi ikapata uhuru. Sidhani alikikalia miaka mitano.

Tangu hapo choo kimekaa na nchi imetembea. Tumeitwa Zaire kuanzia 1971, tukarudi kuwa Kongo 1997. Sarafu zimekuja zikaondoka. Tarehe 30 Novemba 1973 rais wetu Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yawe ya Wazaire, na kuna maduka mjini yaliyobadilisha mwenyewe kabla choo hakijamaliza kujaza tangi. Halafu ikaja 2003. Vita vilipoingia Bunia tulikimbia na tulichoweza kubeba. Wanajeshi wa Ulaya walifika Juni, wakaondoka Septemba, nasi tukarudi taratibu kuangalia kilichobaki. Vitanda hamna. Milango hamna. Mabati ya jikoni hamna. Hata swichi za ukutani zilikuwa zimeng'olewa kwa ustadi ambao fundi wetu wa umeme hajawahi kuwa nao. Bafuni, choo cha waridi kilikuwa kimetulia mahali pake, na wenzake wote watatu.

Hodhi naelewa. Ni la chuma cha kusubu, lina zaidi ya kilo 100, hulibebi begani ukiwa mbioni. Lakini lavabo? Lavabo ni nyepesi. Nimelifikiria jambo hili miaka zaidi ya 20, na jibu linabaki moja: hawakuipenda rangi. Ingekuwa nyeupe, ingeuzwa kabla ya magharibi. Kitu pekee kilichoharibika ni kifuniko cha tangi la choo, nacho hakikuibwa, kilianguka kikapasuka vipande vitatu. Tangu wakati huo tangi letu limefunikwa kwa kipande cha ubao. Mkumbuke ubao huo, nitaurudia.

Na kazi je, kinafanya? Maji ya bomba kwetu ni mgeni wa heshima, huja usiku na hakai. Mvua ikinyesha tunakinga, isiponyesha tunanunua kwa bidoni. Hodhi la waridi humeza bidoni nane za lita 20 na bado likabaki na nafasi ya kuzamisha ndoo. Hakuna aliyeoga ndani yake tangu Mbelgiji. Ni ghala, ni benki, na mwezi wa kwanza, visima vya majirani vinapoonyesha matope, ni kitu kinachotufanya tusalimiwe kwa adabu mtaani.

Kuna pia habari ya vumbi. Udongo wa Bunia ni mwekundu kwa chuma kilichomo, na kiangazi kikishika, lori moja likipita nje, kila kilicho cheupe ndani ya nyumba hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Jirani yangu ana lavabo nyeupe na mfanyakazi wa kuisugua. Mimi nina waridi. Vumbi jekundu likitua juu ya waridi hupokewa kama shemeji: halishangiliwi, lakini halifukuzwi.

Haya yote ni utangulizi tu. Mahali ambapo choo hiki huvipita vyoo vyote kwa busara ni kwenye kuchagua rangi.

Mwaka jana tulikubaliana kutengeneza bafu. Plasta ilikuwa inabanduka, ukuta ulikuwa na rangi ambayo kila mtu aliitaja kwa jina lake. Fundi masoni akaja, akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akanitazama kwa huruma. "Papa, hapa tuvunje yote. Tuweke karo nyeupe, choo cheupe, inakuwa kama hoteli." Karo kwetu ni vigae, tumelitoa neno kwenye Kifaransa. Mkenya akisikia karo huwaza ada ya shule, na siku ile nilipoona hesabu ya fundi nikaona Wakenya wako karibu zaidi na ukweli. Vigae hivyo vinatoka China, vinashuka Mombasa, vinapanda lori hadi Uganda, vinavuka Ziwa Albert au vinazunguka kwa njia ya Mahagi, na katika kila boksi kuna kimoja kilichoingia Kongo kikiwa tayari ni viwili.

Lakini si bei iliyonizuia. Kilichonitisha ni uhuru. Mwenye choo cheupe anaweza kupaka ukuta rangi yoyote duniani, na hapo ndipo balaa lake linapoanzia. Jirani yule yule wa lavabo nyeupe alitaka kijivu. Mkewe alitaka buluu. Binti yao aliona zambarau kwenye simu. Shemeji akaleta nusu kopo ya krimu iliyobaki kanisani, na mafundi wakajaribu chokaa ili kuwapatanisha. Leo ukuta wao una mabaka matano, kama teritwari za mkoa wetu wa Ituri, na kila baka lina mkuu wake. Wanaoga mbio mbio ili wasikutane humo.

Choo cha waridi hakina kura. Kinakataa. Tulisogeza karibu yake vipande vya karatasi ngumu tulivyovipaka rangi, kimoja kimoja, na kila mara jibu lilitoka papo hapo. Nyekundu: bafu likawa bucha. Buluu ya mbingu: chumba cha kichanga. Manjano: keki ya harusi iliyolala juani. Damu ya mzee, ambayo mimi binafsi naipenda, ilikifanya choo kionekane kama kimefumaniwa. Zambarau tuliitoa nje kabla mama mkwe hajaiona. Na nyeupe ile kali ya kopo, ambayo kila mtu anadhani haikosei, ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kando yake waridi ya miaka 70 huonekana chafu hata ukiwa umetoka kuisugua sasa hivi. Nyeupe ni hakimu asiyelala. Ukilazimika, chukua ya maziwa, au ya pembe ya ndovu.

Kwa asubuhi moja, choo hicho kilikuwa kimetuondolea karibu makopo yote ya dukani. Ni mzee gani wa familia anayemaliza shauri haraka hivyo?

Kisha kikafanya jambo ambalo bado linanishangaza. Nanyi jaribuni kama mna chombo cha rangi hiyo. Kaa. Kazia macho lavabo ya waridi kama nusu dakika, usihamishe, kisha tazama ghafla ukuta mweupe. Utaona lavabo nyingine ikielea pale, ya kijani chepesi. Si jini. Sehemu za jicho zinazopokea wekundu zimechoka, na zile nyingine zinabaki kusema peke yake. Waganga wa upasuaji walilijua hili: mwanzoni mwa karne ya 20 walianza kuacha kanzu nyeupe wakavaa kijani, kwani jicho lililotazama damu muda mrefu hupumzika hapo. Kwa hiyo choo cha waridi chenyewe hukuonyesha rangi ya ukuta inayokifaa, bila malipo, ukiwa umeketi. Mtaalamu wa mapambo angetaka dola.

Nilipofuatilia nikakuta kumbe kati ya waridi na kijani hata undugu upo. Kromi ikitiwa katika rangi ya kauri peke yake hutoa kijani. Ukiweka chembe tu ya kromi hiyo hiyo pamoja na bati, chokaa na silika, ukachoma, hutoka waridi, na wafinyanzi wa Uingereza wameitumia siri hiyo tangu zamani. Waridi na kijani, basi, ni watoto wa mama mmoja. Na bati? Linachimbwa Kivu na Maniema tangu enzi za Wabelgiji. Siapi kwamba bati la choo changu lilitoka Kalima, likaenda Ulaya likiwa udongo mweusi, likarudi likiwa na nyuso za waridi. Ila nani atanizuia kuwaza hivyo mahali pale, ambapo mtu huwaza anachotaka? Wenye vyoo vya buluu wana kobalti yao, wakazungumze na Katanga.

Kijani, sawa. Lakini kijani kipi? Hapo mama watoto alinishinda. Makopo yalikuwa na majina ya kigeni yasiyosema kitu. Yeye alitazama vipande vyote, akasema, "Nataka ile ya maji ya sombe." Kila mwanamke aliyekuwepo alielewa: yale maji yanayobaki ukiosha majani ya muhogo yaliyotwangwa, kijani kilichopoa, chenye ukijivu ndani. Kiswahili kina maji ya kunde siku nyingi, sioni kwa nini kisiwe na maji ya sombe. Fundi alichanganya kijani, kijivu na tone la nyeusi kwenye ndoo mpaka mama watoto aliponyamaza.

Kabla ya kupaka tulibadilisha taa, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu wengi huliruka. Taa za paneli za jua zina mwanga wa baridi, mweupe wa kibuluu, na chini yake waridi hugeuka rangi ya nyama iliyochemshwa mara mbili. Tuliweka ya mwanga wa manjano, waridi ikawa papai. Bei ya taa ile haikufika hata ya boksi moja la vigae. Mstari wa karo nyeusi ulioachwa na Mbelgiji kiunoni mwa ukuta hatukuugusa. Fundi alipaka rangi ya mafuta mikono miwili, akasikitika mpaka mwisho, akalipwa.

Mama mkwe aliingia wa kwanza. Alikaa sana. Alipotoka alijifuta mikono polepole, akasema, "Ile rangi imepata mume."

Sasa limebaki jambo moja, nalo ni ule ubao. Ndugu msomaji, kama uko Bunia, au Mongbwalu, au Aru, au popote ambako nyumba za zamani zinavunjwa kuwekewa vyeupe, na ukaona katika kifusi kifuniko cha tangi la choo cha waridi, kizima, cha sentimita 48 kwa 20, usikitupe. Tutakinunua. Ulizia nyumba yenye choo cha waridi, mtaani kwetu hakuna atakayekupoteza njia.