Pongezi kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na sera yake ya ulinzi wa mtoto

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia kupitia ukurasa wa gazeti, lakini adabu ni adabu, na mimi mjumbe wa kawaida wa kamati ya kata ya ulinzi wa wanawake na watoto sijafikia cheo cha kumwandikia mkubwa bila kumwamkia.

Kwanza naleta pongezi kwa Sera ya Ulinzi wa Mtoto ya shirika lako lenye makao ya watoto, ambayo nilibahatika kuishika siku ya uzinduzi. Karatasi zake zinang'aa. Kwenye jalada wapo watoto wanaocheka, na chini ya kila mmoja kuna jina lake na kijiji chake, jambo ambalo sera yenyewe inalikataza kurasa chache mbele. Bila shaka mpiga chapa hakufika huko. Imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, tena fasaha. Wapishi, walinzi na mama walezi waliitia saini wote asubuhi moja, kabla ya chai, na sijapata kuona waraka mrefu ukikubaliwa kwa haraka na kwa moyo mkunjufu namna ile. Mahali fulani katikati, inamwelekeza mwenye malalamiko awasiliane na idara ya watoto ya halmashauri moja ya Uingereza. Wenye wivu watasema imenakiliwa. Mimi naona ni ushirikiano wa kimataifa.

Sasa niruhusu, kwa unyenyekevu wote nilio nao, nikukumbushe jambo ambalo mtu wa shughuli nyingi kama wewe anaweza kuwa amelisahau: sera hizi hazikutungwa kwa sababu ya walinzi na wapishi. Mwaka 2001, watafiti wa UNHCR na Save the Children waliwahoji wakimbizi katika nchi za Guinea, Liberia na Sierra Leone. Watoto wakawaeleza kwamba miongoni mwa waliowadai ngono ili wapate chakula na huduma walikuwemo wafanyakazi wa misaada wenyewe, watu waliofika pale kwa jina la kuwasaidia. Aibu ile ndiyo iliyowasukuma wakubwa kuandika. Mwaka 2003 Katibu Mkuu Kofi Annan alitoa waraka uliowakataza watumishi wa Umoja wa Mataifa kujamiiana na yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria ya nchi inasema vingine, na akaongeza kwamba kudanganyika kuhusu umri wa mtoto si utetezi. Kwetu Tanzania, ambako Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, sentensi hiyo si ya kupamba waraka.

Na kama Afrika Magharibi ni mbali, Bomet si mbali. Mwaka 2008 Mmarekani aitwaye Gregory Dow alifika katika kaunti hiyo ya Kenya akafungua makao ya watoto. Alikuja na Biblia na fedha za wahisani wa kwao Pennsylvania, akapokelewa kama wanavyopokelewa wafadhili kila mahali. Mwaka 2017 tuhuma zilipozagaa alikimbilia kwao. Mwaka 2020 alikiri kuwadhulumu kingono wasichana waliokuwa chini ya ulezi wake, na Februari 2021 mahakama ya Marekani ikamfunga miaka 15 na miezi 8. Linaloniumiza zaidi, Mheshimiwa, ni hili: mwaka 1996 mtu huyo alikuwa ameshatiwa hatiani huko Iowa kwa shambulio lenye nia ya dhuluma ya kingono, akaamriwa kuandikishwa kwenye daftari la wakosaji wa makosa hayo. Lilikuwa ni jambo la kuuliza tu. Lakini nani angemuuliza mtu aliyekuja kujenga?

Ndiyo maana naomba radhi kukigusa kifungu kile cha sera yako kinachohusu uchunguzi wa tabia. Mpishi atoe cheti cha polisi chenye alama za vidole. Mlinzi vivyo hivyo. Mwalimu wa kujitolea alete na barua za wadhamini wawili. Vizuri sana. Kisha inafuata sentensi fupi inayowaondoa katika masharti hayo wageni maalumu wa Bodi. Nimeisoma mara nyingi nikidhani macho yamenidanganya. Wageni maalumu wa Bodi ndio wanaoingia hadi mabwenini, ndio wanaopakata watoto wa watu ili wapigwe picha, na ndio ambao hakuna mtumishi anayeweza kuwaambia "hapana" akabaki na kazi. Mpishi tunamjua hadi kwa bibi yake.

Katika makao mengine, ambayo sitayataja, kamati yetu iliwaomba watoto wachore ramani ya mahali wasipopapenda. Wengi walichora njia ya choo cha nyuma, ambako hakuna taa. Hilo lilirekebishwa ndani ya wiki. Mmoja alichora gari. Tulipofuatilia tukakuta ni la mfadhili aliyekuwa akichukua watoto wachache mwisho wa wiki kuwapeleka ufukweni, bila mlezi. Ustawi wa jamii walijulishwa na safari zikakoma. Kilichonishangaza ni kwamba kila mtumishi pale alilijua gari lile, na sera ilikuwepo, imebanwa ukutani. Haikusema neno lolote kuhusu mfadhili, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba ana ruhusa ya kuuliza.

Kuhusu utoaji wa taarifa, nakupongeza pia kwa sanduku la maoni. Limetundikwa mlangoni kwa Mkurugenzi, funguo anakaa nazo Mkurugenzi, na mratibu wa ulinzi wa mtoto ni mpwa wake Mkurugenzi, kijana mwenye heshima sana. Taarifa yenu ya mwaka inasema sanduku halijapata malalamiko hata moja na kwamba hiyo ni ishara ya usalama. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009, uliotolewa 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kama shirika lako limeikwepa hali hiyo kabisa, naomba mtufundishe.

Tena sera inamtaka mtumishi ampelekee Mkurugenzi taarifa, naye Mkurugenzi "ataamua kama kuna haja" ya kuendelea. Kwa heshima, haja hiyo iliamuliwa na Bunge. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kupeleka taarifa hizo kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Dada wa jikoni haombi kibali cha mtu kwenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na mtoto akiweza kuisoma namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, ukutani, iliyoandikwa kwa rangi na kwa Kiswahili, anapiga bila malipo, bila kupita mlango wa mtu yeyote. Ndoo moja ya rangi ni nafuu kuliko karatasi zile zinazong'aa.

Sithubutu kukuomba uiandike upya sera yote. Ufute tu ile sentensi ya wageni maalumu, na funguo za sanduku zikae nje ya ofisi, kwa mtu ambaye watoto wenyewe watamchagua. Usishangae wakimtaja mpishi.

Nasikia tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, utafika makaoni na ugeni kutoka nje pamoja na wapiga picha. Naomba mlinzi aruhusiwe kuwaletea kanuni za maadili, ukurasa mmoja tu, mkatie saini wote garini kabla geti halijafunguliwa, na jina lako liwe la kwanza. Kijana yule mshahara wake unatoka kwako na hatathubutu kukusimamisha, kwa hiyo itabidi umwambie dereva wako asimame.

Wako mtiifu,
Mjumbe wa kamati ya kata