Misimu ya Mtunza Bustani na Miche Iliyopanda Basi

Mwaka wa mtunza bustani wa Dar es Salaam huanza Machi, masika yanapoingia. Mvua ikishika, kila mtu huwa hodari: kijiti cha mlonge kilichochomekwa uani huchipua, mbegu za papai zilizotupwa nyuma ya jiko huota, na sifa zote humwendea mwenye bustani. Kufikia Mei mchicha umeoza mizizi kwa maji yaliyotuama, konokono wamemaliza kilichobaki, na lawama humwendea aliyeuza mbegu.

Juni huingia kipupwe. Mvua zimekatika, kazi imepungua, ndipo hamu ya kwenda kuona bustani za wengine inapompanda. Safari inayomponza zaidi ni ya Lushoto, katika milima ya Usambara, mita 1,400 hivi juu ya bahari. Huko plamu, pichi na peasi huzaa kando ya njia, na mgeni aliyevaa koti la kuazima huamini kuwa kinachowakosesha watu wa Dar es Salaam plamu ni uvivu tu. Hununua miche. Muuzaji akiulizwa kama itakubali joto la pwani, hujibu bila kusita: "Inakubali, bosi, ni kumwagilia tu."

Miche husafiri katika viriba miguuni mwa abiria, maana buti limejaa kabichi. Barabara ya kuteremkia Mombo ni kona tupu. Kila kona kiriba kimoja hulala ubavu na udongo huingia kwenye viatu vya jirani, ambaye naye aliamka alfajiri kuving'arisha. Mombo joto hupanda, na majani hulegea kabla basi halijashika barabara kuu.

Kuna msafiri mmoja wa milima hiyohiyo aliyefanikiwa. Ni ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani huko Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la Saintpaulia. Sasa limejaa madirishani Ulaya, kwa kuwa chumba chenye ubaridi na mwanga hafifu hakiko mbali sana na kivuli cha msitu wa Usambara. Kibaraza cha Dar es Salaam kiko mbali nao.

Nyumbani, kijana aliyeachiwa bustani amemwagilia kila jioni, hata siku ya manyunyu, kama alivyoagizwa. Ila aliishia pale mpira wa maji ulipoishia.

Vuli ikinyesha, mplamu hutoa majani na majirani huitwa kuja kushuhudia. Maua hayaji. Vichipukizi vyake huhitaji majuma kadhaa ya baridi kali ndipo vifunguke vizuri, na usiku wa Julai mjini hushuka hadi nyuzi 18 hivi tu. Mwenyewe husema mti bado mchanga. Kiangazi cha mwaka wa tatu, mama mwenye nyumba hufunga kamba ya kuanikia nguo kwenye shina lake, na hapo mti huanza kuwa na faida.