"10:00" ya Wapi?

Kazi imenipita kwa sababu ya mnara. Mnara wa simu, tena wa Burundi.

Siku ya usaili wa mtandaoni nilikuwa Mabamba, kwetu Kibondo, mpakani kabisa. Programu iliandika "10:00", basi. Ya wapi, haikusema. Nikaketi mbele ya simu 09:50, shati limenyooshwa, nimewahi kama bwana harusi. Mwenyekiti wa jopo akaniuliza, "Ndugu, ulikuwa wapi? Tunafunga." Kumbe simu ilikuwa imedaka mtandao wa ng'ambo, ikajirudisha nyuma saa nzima bila hata hodi. Kwetu ilikuwa 10:50.

Kinachoniuma zaidi, Warundi ndio wanaokwenda na jua letu. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na Kasulu, jirani zetu, iko kwenye nyuzi 30 hivi mashariki ya Greenwich. Gawanya mwenyewe: saa mbili mbele. Sisi tumepewa tatu ili twende sawa na Dar es Salaam. Ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi huku bado giza, na sijui "Mwakeye", salamu yetu ya asubuhi, niitoe kwa jua au kwa saa ya ukutani.

Kompyuta nazo! Kuna zile ukitafuta saa za Tanzania zinakupa Nairobi. Kuna tiketi ya basi iliyoandikwa "06:00": bibi akajipangia saa sita mchana, akafika stendi na kuku wake, basi lilishaondoka alfajiri.

Halafu dada yangu wa Chicago. Hupiga Jumapili adhuhuri yake, kwangu saa mbili usiku. Ikifika Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wanarudisha saa zao nyuma, simu inalia saa tatu nimeshalala. Jumapili ya pili ya Machi wanazisogeza mbele tena. Jua lenyewe halina habari.

Mafundi wa programu, huko ndani tunzeni saa kwa UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, sina ugomvi. Mkinionyesha mimi, andikeni "saa nne asubuhi, saa za Tanzania". Ni maneno sita tu. Na wewe msomaji wa mpakani, zima ile saa inayojirekebisha yenyewe. Yangu nimeizima, ila kazi ameshapewa mwingine.