Sifa za Kindi, Mtafuna Mipira

Simba amesifiwa vya kutosha, na nyuki pia. Leo ni zamu ya kindi mwekundu wa misitu ya Vermont, Marekani, na Quebec, Kanada, mnyama asiyezidi gramu 300, ambaye wenye miti ya mepo (maple) humtaja kwa maneno yasiyoandikika. Wao humwita mharibifu. Mimi namwita mkaguzi, tena wa daraja la kwanza.

Kazi anayoikagua ni hii. Kuanzia Februari hadi Aprili, usiku unapoganda na mchana ukapata vuguvugu, maji matamu huanza kutembea ndani ya mti wa mepo. Zamani wagema walitundika ndoo kwenye shina. Siku hizi wengi hutandaza mipira ya plastiki kutoka mti hadi mti, ikiteremka mlima mpaka kwenye kibanda cha kupikia, na pampu hunyonya hewa iliyomo ili maji yatoke kwa wingi. Lita 40 hivi za maji hayo zikichemshwa hubaki lita 1 ya shira. Sasa jino moja likitoboa mpira, hewa huingia, mvuto wa pampu hushuka, na miti mingi ya mstari ule hutoa pungufu kwa kosa la tundu usiloliona ukiwa umesimama mbali.

Hapo ndipo uungwana wa kindi unapoanza. Bila yeye, mwenye shamba angekaa kibandani akiota moto na kunusa mvuke mtamu. Kwa hisani ya kindi, anatoka. Anakata theluji ya magotini, begani mfuko wenye mpira wa akiba, viungio, koleo na chupa ya maji moto. Anatega sikio asikie mfyonzo wa hewa, anakodolea macho mapovu yanayokimbia ndani ya mpira. Akilipata jeraha, anakata kipande kilichotafunwa, anachovya ncha kwenye maji moto zilainike, anazisukuma kwenye kiungio, anasonga mbele. Njiani anakuta tawi limeangukia mstari, mpira umelegea na kufanya tumbo ambamo maji yanalala, kijibomba kimechomoka shinani. Hayo yote yangeoza kimya kimya mpaka mwisho wa msimu. Nionyeshe mkaguzi wa serikali anayepita mita kwa mita na asiyedai posho ya safari!

Kindi ni mtaalamu wa kemia pia. Msimu ukiisha mipira huoshwa, na waliotumia klorini yenye sodiamu waliona ajabu: kindi walivamia mipira safi kwa hamu kubwa zaidi, kwa sababu dawa ile huacha chumvi. Wengi wakageukia klorini ya kalsiamu. Kanada hutumia hata spiriti. Wapo wanaoamini kwamba hata jasho la mikono ya fundi humwita kindi. Dubu huuma mipira, kulungu huivuta na kuiangusha, gongonola huidonoa, lakini hao ni vibarua tu. Meno ya mbele ya kindi hayakomi kukua maisha yake yote, kwa hiyo hastaafu.

Watu wamejaribu kila hila. Wamepaka pilipili. Wametega mitego. Wengine, kwa busara zaidi nadhani, humtengea mbegu za alizeti mbali na mipira, yaani wanamlipa kodi. Baada ya mwaka ambao mialoni imezaa sana, hakuna hila inayotosha: mwaka 2018, baada ya mavuno mema ya mwaka uliotangulia, kindi walifurika New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, hadi mizoga yao ikatapakaa barabarani.

Wanasema ni mwizi. Basi tuulize nani alitangulia. Mwaka 1992 mwanabiolojia Bernd Heinrich alichapisha utafiti wake kuhusu kindi wekundu wa Maine: huuma gome la mepo, huondoka, huyaacha maji yatiririke na kukauka kwa jua na upepo, kisha hurudi kulamba sukari iliyobaki. Hakuna kuni, hakuna pampu, hakuna leseni. Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu msifu utakavyo, kwani ufundi wake wote ni kuyaondoa maji.

Binadamu je? Kati ya 2011 na 2012, huko Quebec, mkoa unaotoa sehemu kubwa ya shira ya mepo duniani, wezi walikomba karibu tani 3,000 kutoka kwenye akiba ya wazalishaji, mali ya dola za Kanada milioni 18 hivi. Mapipa kadhaa waliyajaza maji ili wasigundulike. Kindi akiiba huacha alama za meno yake wazi, mahali pale pale, kama sahihi ya ofisa kwenye fomu.

Kwa hiyo, wewe mwenye mipira, okota vipande vikuukuu ulivyovitupa msituni, osha vizuri, kaza mistari, na kila asubuhi ya mtiririko uitembelee kabla hujaambiwa na pampu. Bei ya shira ya mepo ni kubwa, na haki yake: humo mna kuni, umeme, viungio na miguu iliyokufa ganzi. Ujira wa mkaguzi haumo.