Jinsi ya Kutalii Makasri ya Uskoti kwa Nauli ya Daladala

Ndugu yangu wa Igogo, najua kinachokuuma. Mtu mliyesoma naye kaposti picha mbele ya kasri la Edinburgh, koti limemkaa, na wewe bando lako ni la saa moja. Usinung'unike. Likizo ya Uskoti ni jabali, maji na jengo la zamani la mkubwa fulani. Mwanza vyote vipo, tena bila viza.

1. Anza na mavazi. Wahi soko la mitumba la Mlango Mmoja marobota yakifunguliwa, utafute sweta zito la sufu na skafu ya drafti. Usivivue hata ukichemka. Kwenye picha, jasho litapita kwa manyunyu.

2. Panda nyumbani. Kasri la Edinburgh limekaa juu ya mwamba wa volkano, watu wanalipa kuliona. Sisi Igogo tumepachika vyumba viwili na choo juu ya majabali, na hakuna anayetoa hata mia. Nenda mpaka nyumba ya juu kabisa, kule ambako ndoo ya maji hufika nusu. Inua kidevu, piga. Kamba ya nguo ikiingia kwenye picha, sema ni bendera za ukoo.

3. Sasa kasri lenyewe, na hapa usiharakishe. Katikati ya jiji, juu ya kilima, lipo jumba la Gunzert, lenye jina la Theodor Gunzert, Mjerumani aliyeitawala wilaya ya Mwanza enzi za mkoloni wa kwanza. Enzi hizo ziliisha Waingereza walipouteka mji Julai 1916. Maelfu hupita chini ya kilima hicho kila siku na hawainui shingo. Ndiyo maana nakuhakikishia usalama: wanaolijua ni watalii, nao hawamo kwenye kundi lenu la WhatsApp. Ila jabali la Bismarck Rock usiliguse. Lile hata mtoto wa chekechea atakuumbua.

4. Ziwa Victoria lina matatizo yake. Loch Ness yao ina kilomita za mraba kama 56. Letu lina 68,800, na nchi kavu yote ya Uskoti haifiki 80,000. Ukipiga picha pana, maji yenyewe yatatoboa siri yako. Kaa kwenye kivuko cha Kamanga, chagua kona yenye mawe, ubane. Mtumbwi uliopinduka ukionekana kwa mbali, zimwi la Loch Ness umeshalipata.

5. Saanane, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kina mandhari safi. Kata swala kwenye picha.

6. Bujora usikanyage. Pale Kisesa, Padri David Clement kutoka Kanada alianzisha makumbusho ya Wasukuma, na kuna banda la kifalme lenye umbo la kiti cha mtemi. Hatari yake ni kwamba utanogewa. Utauliza maswali, utasikiliza habari za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma na dawa yanayoshindana, na jioni utajikuta unaposti ukweli. Sasa nani atakuonea wivu kwa mahali panapofikika kwa nauli ya Kisesa?

7. Maneno yawe machache. Andika "Highlands", weka nukta tatu, nyamaza. Kumbuka Uskoti iko nyuma yetu kwa saa mbili au tatu kutegemea majira, kwa hiyo chai ya saa moja asubuhi usiiposti kabla ya saa nne. Waongo wengi wameumbuliwa na saa, si na sura.

8. Mwisho, mama wa genge. Yeye alikuona jana ukichukua dagaa kwa mkopo, wakati kwenye status ulikuwa ukishuka Edinburgh. Mlipe deni lote kabla hujaposti chochote. Huyo ndiye shahidi pekee wa kumwogopa.