Sanduku Linalodai Sarafu

Kijiwe chetu kiko Buyenzi, hapa Bujumbura, ubavuni mwa gereji, mtaa ambao avenyu zake watu huzitaja kwa namba. Zamani nyundo zilikuwa zinatuamsha. Siku hizi mafuta yamekuwa ya kuotea, gari haziji, na fundi asiye na gari la kufungua anageuka mtaalamu wa mambo ya watu. Ndiyo maana yule kijana anayetengeneza simu alipotokea na karatasi mkononi, kesi yake ilikuwa imeshaamuliwa kabla hajapata pa kukaa.

Kwenye karatasi kulichorwa sanduku. Refu kama kabati, uso umelala kidogo kwa nyuma, na chini ya uso kijimeza cha kuegemeza mikono. "La gemu," akasema. "Zile za zamani, za kusimama. Nataka kuliweka nyumbani."

Mzee wa tangawizi akasonya, msonyo mrefu wa kumaliza pumzi. "Nyumba ya vyumba viwili, mwanangu, unaingiza jeneza lililosimama?"

Tukacheka, nami nilicheka na wenzangu. Lakini karatasi ilipofika mikononi mwangu kicheko kikapungua, maana ilikuwa na vipimo. Kwetu hapa kitu huanza na msumari. Vipimo huja baadaye, kama udhuru. Huyu alikuwa amekwenda kwa muuza mbao akauliza bamba la tripleksi la milimita 18 lina ukubwa gani, akaambiwa sentimita 122 kwa 244, akarudi nyumbani kufanya hesabu. Mbavu mbili za sanduku, kila moja upana 60 na urefu 170. Sitini na sitini ni mia na ishirini, zinabaki mbili za kuliwa na msumeno. Kipande cha mwisho, 74 kwa 122, kinatoa kijimeza na sakafu. Na mlango wa nyumba yao alishaupima kwa kamba.

Seremala wetu akaichukua karatasi, akaigeuza kama anatafuta kosa upande wa pili. "Weka 65," akasema. "Sitini haina heshima."

"Heshima ya sentimita tano, baba, ni bamba jingine zima."

Ala! Seremala akakaa kimya. Siku hiyo nilimheshimu kijana, ingawa sikumwambia.

Kioo hakikuwa tatizo. Skrini za kompyuta za inchi 19, zile za umbo la karibu mraba zilizotupwa na maofisi, ukizitafuta utazipata. Tangu soko kuu liungue Januari 2013 tumezoea kuvifuata vitu vya umeme vichochoroni. Kompyuta yenyewe kuukuu inatosha. Kazi ilikuwa kwenye vitufe. Kitufe cha mashine hizo kinataka tundu la milimita 30, liwe duara kamili, na hapa kijiweni hapakuwa na keekee yenye kinywa hicho. Fundi wa eksozi, ambaye wiki nzima hakuwa ameona eksozi, akachukua kipande cha bomba, akakitia meno kwa tupa, jino baada ya jino, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo. Akakifunga kwenye keekee. Tundu la kwanza lilitoka na moshi na harufu ya mbao iliyoungua, lakini kitufe kilipoingia kilisema *tak*, kikatulia kama kilizaliwa humo. Mzee wa tangawizi alitaka kukibonyeza. Akakibonyeza mara tatu.

Vitufe sita ni vya kupigana, maana Street Fighter II ya mwaka 1991 inadai ngumi tatu na mateke matatu. Cha saba ni cha kuanzia. Kila kitufe kina nyaya mbili: mmoja unakwenda peke yake kwenye kadi ndogo inayochomekwa kwenye kompyuta, na mwingine ni wa pamoja, unapita kitufe hadi kitufe kama kikombe kimoja cha chai kinachozunguka kijiweni. Fundi akatoboa matundu nane. Akauliza, "Hiki cha nane?"

"Cha sarafu," kijana akajibu.

Hapo ndipo kijiwe kilipochachamaa. Sarafu gani? Nani hapa ameshika sarafu juzi au jana? Mmoja akakumbuka kwamba ana ile ya faranga 50 ya mwaka 2011, mtoto wake anaichezea. Mifukoni mwetu ni noti tu, na noti zenyewe zimechoka kama vitambaa vya kufutia grisi.

Kijana akaeleza. Kuna programu inaitwa MAME, aliianzisha Mwitaliano Nicola Salmoria mwaka 1997, inaifanya kompyuta ijidhani ni mashine ya zamani. Inaiga kila kitu, mpaka ulafi. Gemu ikiwaka inasimama pale inadai sarafu kwanza, hata ukiwa chumbani kwako. Kwenye kibodi unabonyeza 5, yenyewe inaamini umelipa. Kisha 1, inaanza. (Programu ni ya bure, lakini gemu zina wenyewe, hilo tulimkumbusha, akainamisha macho kidogo.) Kitufe cha nane ndicho hiyo 5.

"Sarafu ya kidole," mzee akasema, akasonya tena. "Haiumi."

Mnaweza kumcheka, mimi nadhani alilenga penyewe. Mashine hizi sarafu ndiyo iliyozilea. Mwaka 1972 kampuni ya Atari iliweka gemu yake ya majaribio, Pong, kwenye baa moja ya Sunnyvale, California. Muda si mrefu wakaitwa kwamba imeharibika, na aliyeitengeneza, Al Alcorn, alipoifungua alikuta imesongwa na sarafu. Space Invaders ilipotoka Japani mwaka 1978 ilishika watu hadi ukazuka uvumi kwamba imeimaliza nchi sarafu za yeni 100. Uvumi ule haukuwa kweli, lakini haukuzuka bure. Gemu ya namna hiyo imetengenezwa ikuue upesi, tena ikuue ukiwa karibu kabisa na kushinda, ili mkono urudi mfukoni wenyewe. Angalia vijana wetu kwenye vibanda vya PS wanavyocheza mechi ya kulipia: hakuna anayepepesa jicho. Sasa mtoe malipo uone.

Tuliona. Sanduku liliingia mlangoni bila kugusa fremu, likawashwa, na avenyu nzima ya watoto ikahamia kwa mama yake kijana. Usiku wa kwanza walibonyeza kitufe cha nane kama mvua juu ya bati. Walicheza Pac-Man, ile ya mwaka 1980, wanakufa huku wanacheka, wanabonyeza, wanakufa. Hakuna aliyejifunza kona hata moja. Siku ya nne nilipopita kusalimia, wako nje wanapiga mpira wa matambara, na juu ya sanduku imeanikwa kanga mbichi. Kijana amekaa mlangoni, uso wa mtu aliyelisha wageni wakaacha chakula.

Aliyeliokoa sanduku ni mama. Alimwambia mwanawe akiondoe kile kitufe cha nane pale mbele, akipeleke nyuma, mahali panapofikiwa na mkono wake yeye tu. Kisha akatangaza bei. Bomba la mtaa ule maji yake yanakuja yanapotaka, na kisima cha kuaminika kiko mbali. Basi: bidoni moja la maji, kubonyeza mara moja.

Ningependa mngeona mtoto wa miaka tisa aliyebeba lita 20 anavyoukimbia mzimu mwekundu wa Pac-Man. Hacheki. Mabega bado yana maji, macho yamekodoka, kijiti cha kuongozea kinalia *tiki-tiki* kwenye kila kona. Mapipa ya mama yakajaa wiki hiyo.

Juzi jioni kesi ikaletwa kijiweni. Mtoto mmoja kaleta mabidoni mawili, la kwanza likaisha upesi, la pili akafika mbali kuliko wote, na papo hapo umeme ukakatika. Anataka maji yake. Mama anasema maji yako kwenye maharage, yanachemka.

"Umeme ukirudi," mzee wa tangawizi akamuuliza kijana, "ataendelea alipoishia?"

"Hapana, baba. Mashine haikumbuki. Inadai sarafu tu."

Mzee alitaka kusonya, akaacha, akammiminia mtoto kikombe cha tangawizi. Mtoto akakipokea kwa mikono miwili, akaketi juu ya bidoni lake tupu, akasema atausubiri umeme hapo hapo.